Kidawa wa Sudi na "moto wa kike"

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, jua limeshatoka, na Kidawa binti Mfaume analizunguka polepole lundo la mawe meupe. Amejifunga kanga moja kiunoni na nyingine kichwani. Miguuni amevaa makubadhi ya matairi aliyoachiwa na marehemu mumewe, yanayomzidi vidole viwili. Kila baada ya hatua chache anachuchumaa, ananyoosha kiganja juu ya mawe bila kuyagusa, kisha anasogea mbele.

Nyuma yake wamesimama watu wapatao sitini wa kijiji hiki cha ujamaa, nje kidogo ya Sudi, mkoani Lindi. Wengine wamekuja na majembe mabegani. Mzee Tawakali, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, ameikumbatia ndoo ya maji kwa mikono miwili kama aliyepewa mtoto wa watu amshike.

Lundo hilo ni tanuri la chokaa lililowashwa juzi asubuhi. Ndani yake yameungua magogo themanini na sita, na juu yake yalipangwa makapu mia moja na arobaini ya matumbawe, ambayo wanawake wa kijiji waliyaokota maji yakiwa yamekupwa. Kama mawe yameiva, kuta za zahanati mpya ya kijiji zitapigwa lipu kabla ya mvua. Kama hayakuiva, kamati itaagiza fundi mwanamume kutoka mjini, na Kidawa atarudia kazi ya kubeba kapu.

"Nimesali alfajiri nikamwambia Mola, chokaa hii si yangu," anasema kwa sauti ya chini. "Ni ya wale watakaozaliwa mle ndani."

Ana sababu ya kusema hivyo. Amezaa watoto saba na aliobaki nao ni wanne. Mmoja alizaliwa juu ya lori la magunia ya korosho, njiani kwenda Lindi, na yuko hai mpaka leo. Kidawa akimtaja huyo hutabasamu na kusema kwamba ndiyo maana kijana hawezi kutulia mahali pamoja.

Kidawa, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, alizaliwa Rutamba katika ukoo wa wakulima. Aliletwa pwani na ndoa. Mumewe, Hasani Likwata, alikuwa mchoma chokaa, na kwa miaka kumi na tisa walifanya kazi hiyo pamoja. Kidawa alichagua mawe, alipanga magogo, na Hasani akienda msikitini ni yeye aliyebaki kuuangalia moto. Hata hivyo wateja walisema wamekuja kununua "chokaa ya Hasani", na yeye walimwita "mke wa Hasani". Hasani alipofariki miaka mitatu iliyopita, akawa "mjane wa Hasani". Hata kwenye daftari la kijiji ameandikwa hivyo.

Hamlaumu mtu. "Alikuwa mume mwema, Mungu amrehemu," anasema. "Lakini mikono iliyotoka malengelenge ilikuwa minne."

Wachoma chokaa wa hapa wana maneno yao. Moto unaopanda wima na kumaliza kazi huitwa moto wa kiume. Moto unaofuka moshi, ukazima na kuacha mawe mabichi, huitwa moto wa kike. Maneno hayo hayaishii tanurini. Mvulana akichomwa na mwiba akalia, huambiwa asilie kama mwanamke. Mwanamke akijitwika gunia zima la korosho, husifiwa kuwa ni mwanamume. Kidawa ameyasikia maneno hayo tangu utoto, na anakiri kwamba hata yeye aliwaambia hivyo wanawe.

Miezi miwili iliyopita, kuta za zahanati zilipofika usawa wa paa, aliiendea kamati akaomba apewe tanuri. Wajumbe walitazamana. Mzee Tawakali alimwuliza kwa upole kama hadhani kuwa ni vema akae apumzike. Kidawa alijibu kwamba hajachoka. Wakamkubalia shingo upande.

Tanuri lile la kwanza liliharibika. Liliwashwa asubuhi, na kabla ya adhuhuri moshi ulikuwa wa manjano. Alasiri moto ulizima kabisa. Watu walitawanyika mmoja mmoja, na baadhi yao walikumbushana kwamba walikwishasema. Mzee Tawakali hakumkemea. Alisema tu kwamba moto umekuwa wa kike, na hapo hakuna la kufanya.

"Nami nikasema vilevile," anakumbuka Kidawa. "Niliketi juu ya gogo nikamwambia Veronika, mwanangu, moto umekuwa wa kike, twende nyumbani."

Veronika, mke wa Sipriani, ni Mmakonde wa miaka ishirini na mitano; yeye na mumewe walihamia kijijini mwaka jana. Alikuwa msaidizi pekee aliyebaki jioni hiyo. Hakuinuka. Alimtazama Kidawa, kisha akamwuliza.

"Mama, ule moto uliozima mwaka wa njaa, ulionisimulia, aliuwasha nani?"

"Hasani."

"Basi Hasani naye alikuwa mwanamke?"

Kidawa anasema alicheka mpaka akateleza kwenye gogo akakaa mchangani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka hivyo tangu amzike mumewe. Kicheko kilipokwisha, akabaki na jambo moja kichwani. Katika miaka yote kumi na tisa, kila moto ulipozima, yeye na Hasani walisema neno hilo, wakafunga mizigo, wakaondoka. Hata siku moja hawakuwahi kulifumua tanuri kutazama ndani kuna nini.

"Neno lile lilikuwa linatufungia kazi," anasema. "Ukishasema wa kike, unakwenda zako. Huyatazami magogo."

Kesho yake wanawake hao wawili walianza kulifumua tanuri, jiwe moja baada ya jingine. Kazi ilichukua siku mbili. Upande wa baharini walikuta magogo mabichi yaliyobanana kama dagaa kapuni. Tundu la katikati, ambalo moto hupumulia, lilikuwa limezibwa na vipande vya mawe. Kidawa alipaona, akapiga paja. Magogo hayo aliyapanga mwenyewe, kwa haraka, kwa hofu ya kuambiwa anachelewesha kazi.

Jioni hiyo alikwenda darasani na majivu yake mwilini. Huu ni mwaka wake wa pili katika elimu ya watu wazima, jioni nne kwa wiki, kwa mwalimu Severini. Kwenye daftari la kunakilia maneno aliandika kwa penseli: Pumzi imezibwa. Gogo bichi. Upepo wa ubavuni. Mwalimu alimwuliza hilo ni somo gani. Alijibu kwamba ni magonjwa ya moto. Sasa daftari hilo lina kurasa tisa, na kila ugonjwa umeandikiwa dawa yake.

Alirudi kwenye kamati akiwa amelibana daftari kwapani. Mjumbe mmoja alisema mawe hayawezi kuokotwa tena kwa ajili ya majaribio. Wanawake waliokuwa nje ya mlango walijibu kwa pamoja kwamba migongo ni yao. Mzee Tawakali akasema ajaribu tena mara moja tu, basi.

Ndiyo maana asubuhi hii watu wote hawa wamesimama hapa.

"Mzee, lete maji," anasema Kidawa.

Hachukui jiwe la juu, ambalo kila mtu anaona kuwa ni jeupe. Anapiga magoti upande wa baharini, palepale moto ulipofia mara ya kwanza, anaingiza koleo chini kabisa na kuvuta jiwe lenye ukubwa wa nazi. Analiweka juu ya bati. Midomo yake inatamka bismillahi. Mzee Tawakali anamwaga maji. Jiwe lililoiva likimwagiwa maji huchemka; bichi hulowa tu.

Kwa kitambo hakuna kitu. Jiwe limelowa tu. Veronika ameshika shavu.

Kisha jiwe linaanza kuchemka. Linatoa mvuke, linavimba, linapasuka katikati, linaanguka na kuwa unga mweupe kama wa mhogo. Kidawa anatoa la pili, na la tatu kutoka moyoni mwa lundo. Yote yanafanya vivyo hivyo. Vigelegele vinapigwa mpaka kuku wanakimbia.

Mzee Tawakali anainua mkono kuomba nafasi ya kusema. Ni mtu wa haki, na sifa anataka kuitoa mbele ya wote.

"Binti Mfaume," anasema, "leo umekuwa mwanamume."

Kidawa anajifuta vumbi usoni. "Mzee Tawakali, mwanamume nimekaa naye nyumba moja miaka kumi na tisa. Namjua alivyo. Mimi siye."

Wanawake wanaangukiana mabegani kwa kicheko. Mzee Tawakali mwenyewe anacheka mpaka anaitua ndoo na kujifuta macho kwa kofia.

"Sasa niseme nini, mama?"

"Sema chokaa imeiva."

"Chokaa imeiva," anasema mzee. "Na fundi ni Kidawa."

Chokaa hiyo italazwa shimoni wiki mbili, kisha kazi ya lipu itaanza. Baada ya hapo Kidawa anakusudia kuwafundisha Veronika na wenzake watatu kupanga tanuri, na mvua zikiisha ataitikia wito wa watu wa Mitwero wanaohitaji chokaa. Pia atakwenda kwa katibu kuomba daftari la kijiji, aandike jina lake kwa mkono wake mwenyewe.

"Lakini kubwa kwangu ni chumba kile," anasema. "Mtoto wa kwanza atakayezaliwa mle, awe wa kike au wa kiume, nataka akifumbua macho aone ukuta mweupe."

Kando yake chai ya watu sitini imechelewa. Kuni zinafuka moshi chini ya sufuria, na Mzee Tawakali, aliyejitolea kuukoka moto, anakohoa na kupuliza.

"Huu nao moto wa..." anaanza kusema. Anamwona Kidawa anamtazama. Anainama, anachungulia chini ya sufuria, kisha anavuta nje gogo moja lililobanwa.

Moto unawaka.