Njia ya Mianzi Juu ya Uteo

Maleya yakichemka, nyumba nzima inanuka kama koti la mtu aliyelala jikoni. Wajukuu wangu hapa Tuwan huziba pua. "Kukhu, ni nini imeoza?" Nawaambia hakuna kilichooza, ni machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, na asiyeyataka akale chipsi zake huko nje. Lakini mimi nikivuta ile harufu, namwona mama yangu kitandani, amegeukia ukuta.

Mimi Nekesa nilikuwa darasa la nne, miaka ile ya themanini. Shule sikuisoma sana, lakini jambo hili nalijua kuliko vitabu. Tulikaa chini ya mlima, upande wa Bungoma. Baba alikuwa Kitale kwa mashine ya mbao ya Kalasinga mmoja, nyumbani anaonekana mwisho wa mwezi. Mama alikuwa amezaa mtoto wa kiume, mtoto akakaa nasi kidogo tu, akaenda. Tangu tulipomzika nyuma ya migomba, mama aliingia nyuma ya pazia akanyamaza. Uji unapelekwa, uji unarudi na ngozi juu. Wanawake wa kanisa waliomba mpaka wakasinzia. Nikimwita, ananitazama kama mtu anayengoja mgeni aondoke. Nilijua, bila kuambiwa, kwamba mama anaweza kumfuata yule mtoto.

Kukhu wetu, mama yake baba, hakuomba wala hakubembeleza. Alikuwa mwanamke mkavu, mgongo wima, sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Mvua zilipokolea alitangaza kwamba tutapanda mlimani kukata maleya, tufuate mto mpaka msitu wa mianzi. Badala ya kupangia hiyo safari jikoni kama kila mwaka, alibeba uteo wa maharagwe akaja kuketi sebuleni, mgongo karibu uguse pazia la mama. Akamwita jirani, Mama Wafula, ambaye hajawahi kupanda huko. Akachora mto kwa kidole katikati ya maharagwe. Gunzi la mahindi likawa jabali.

"Hapa tunavuka maji," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka Cheptais. "Tukivuka, tunashika kushoto."

Kesho yake, uteo ule ule, akasema tunashika kulia.

"Wee Kukhu, si jana ulisema kushoto?" Mama Wafula akacheka mpaka akashika mbavu. "Umri umefika, bana! Utatupeleka Uganda bila kujua."

Mimi nilitamani kuingia chini ya kiti. Kukhu wangu, aliyejua kila mtu amezaliwa mwaka wa mvua gani, sasa hajui mkono wa kulia! Na kila jioni alizidi kuharibika. Mara mto unavukwa juu ya maporomoko, mara mianzi inakatwa ikiwa imeshakomaa kama nguzo. Mama Wafula akatembeza habari kwa majirani wote.

Halafu jioni moja Kukhu akaweka gunzi katikati ya mto. "Hapa tunapita juu ya hili jabali jeusi. Huyu mtoto atatangulia, ni mwepesi."

Kitanda kikalia.

"Hapo ataanguka."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia kama mlango uliokaa bila kufunguliwa. Kukhu hata hakugeuka.

"Nani anasema? Hapo ndipo napita siku zote."

"Hakuna mtu hupita hapo, Mayi," mama akamjibu mkwewe. "Jabali linateleza. Mnapita chini, kwa mti wenye mizizi kama miguu ya kuku."

"Mti gani? Hakuna mti."

"Mti uko!"

"Ati uko? Basi kuja uuweke mwenyewe, Mama Nekesa. Macho yangu hayaoni."

Pazia likasogea. Mama alitoka na nywele zimesimama, leso imefungwa nusu, akachuchumaa akamnyang'anya Kukhu gunzi. Yeye ndiye aliyezaliwa huko juu. Ule mto alichezea ndani yake. Akafuta njia yote ya Kukhu, akachora yake: hapa tunavuka, hapa tunapumzika, hapa tunanyamaza maana ndovu hushuka kunywa. Kisha akakunja uso. "Na haya maharagwe mbona yana mawe?" Akaanza kuyachagua. Kukhu akanikonyeza nilete uji. Mama akaunywa akichagua, bila kujua anakunywa.

Tulipanda, mama mbele na panga, Kukhu nyuma akilalamika. Kwenye kivuko cha pili mama alisimama akayatazama maji, machozi yakamshuka. Hakuna aliyemshika. Kukhu aliuliza tu, "Sasa tunaelekea wapi? Mimi sijui." Mama akajipangusa kwa leso, akatuonyesha.

Miaka ya tisini, nikiwa nimeshaolewa, nilipanda tena na Kukhu, sisi wawili tu. Ukungu ulikuwa mzito, hata vidole vyangu sivioni. Yeye alitangulia akinisimulia habari za watu, wala hatazami chini, akanizungusha mbali na lile jabali, na mkono wake ukashika mzizi wa ule mti kama mtu anayeshika mlango wa nyumba yake.

Nikasimama pale pale. "Kukhu, si hii njia uliisahau?"

"Tembea, mvua inakuja."

Ndipo nilipoelewa. Na nikakumbuka yaliyofuata baada ya ule uteo: wanawake walimpokonya ufunguo wa kanisa alioutunza miaka yote, ati atakuja kuupoteza. Watoto walimwuliza njiani kama anajua kwake ni wapi. Alikuwa mwanamke wa kiburi, na hicho kiburi ameniachia mimi, sikikatai. Lakini aliwaacha wamcheke mpaka akafa, asije mama akasikia kwamba alidanganywa ili atoke kitandani. Mama aliondoka duniani akiamini ni yeye aliyemsaidia mkwe wake aliyezeeka kuipata njia.