Kitanda cha Ndani ya Rambler

Jumapili moja ya Agosti, mwaka wa 1967, tulimzika baba mkwe wangu huko Magwagwa, na siku hiyohiyo, kaburi likiwa bado wazi, nililala kitanda kimoja na mama mkwe mbele ya waombolezaji wote. Naona heri niliseme mwenyewe, kwa sababu wanaolisimulia siku hizi wanatia chumvi, na jambo lenyewe lilikuwa na chumvi ya kutosha.

Kosa lilianzia kwenye gari. Nilikuwa na Rambler, gari la Kimarekani nililonunua kwa mzungu mmoja wa Nyansiongo alipokuwa akiuza vitu vyake arudi kwao, na baba mkwe alilipenda kunishinda. Kila nikifika alilizunguka na fimbo yake akiniuliza habari zake kama mtu anayeuliza ukoo wa ng'ombe, nami nikimweleza niliyoambiwa na yule mzungu: kwamba Rambler ya kwanza ilitoka miaka mitano baada ya vita, gari dogo la familia, kwamba waliacha kuitengeneza mwaka wa hamsini na tano, na baada ya miaka mitatu wakaitoa tena, umbo karibu lilelile. "Kwa hiyo ilikufa ikafufuka," alisema (alikuwa mzee wa kanisa, Msabato), kisha akataka nimwonyeshe tena jinsi viti vya mbele vinavyolala hadi kuwa kitanda. Alicheka kila mara kama ndiyo mara ya kwanza.

Siku ya mazishi mwili ulitangulia kwa lori kutoka Kisii, nami nikapewa kazi ya kumleta mama mkwe kutoka hukohuko. Sasa, kwetu mtu na mama mkwe wake wana ensoni, ile heshima ya kuoneana haya: hamgusani, hamkai karibu, na kwa miaka minane mama hakuwahi kunisemesha ila kwa kupitia mke wangu, Kemunto. Kemunto akasema mama akae nyuma. Nikakataa, nikasema mjane wa mzee kama yule hawezi kubanana na mablanketi na mikungu ya ndizi, akae mbele watu wamwone (na ukweli ni kwamba nilitaka waone gari pia).

Tukaenda hivyo, mama mbele amejibana mlangoni, Kemunto nyuma yangu kando ya ndizi.

"Kemunto, mwambie apunguze mwendo."

"Amesikia, mama."

"Mwambie tu."

Nilisimamisha gari karibu kabisa na kaburi, kwaya ikiimba pande zote mbili. Mama akapapasa mlango. "Kemunto, huu unafunguliwa wapi?"

"Vuta hicho chuma cha kando."

Akavuta, ila alivuta kile cha kiti, na kwa kuwa alikuwa ameegemea, akaenda chali taratibu hadi kichwa kikafika kwenye ndizi. Mimi, kumshika siwezi, kumwacha siwezi, nikaona nimwonyeshe kwa kiti changu jinsi ya kukiinua, nikavuta chuma changu, nami nikaenda chali juu ya magoti ya Kemunto.

Wimbo ukakatika. Tulikuwa tumelala bega kwa bega, tukitazama dari la gari, hakuna aliyethubutu kugeuza shingo. Ndugu mdogo wa marehemu akainama dirishani. "Mkwe," alisema, "tuanze ibada au tungoje mwamke?"

Kisha nikasikia kiti cha pili kinatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, yeye ambaye tangu Jumatano mzee alipofariki hakuwa amekula wala kusema, na akanisemesha mimi mwenyewe: "Kumbe mzee alisema kweli. Aliniambia gari lina kitanda, nikamwita mwongo."

Nikajinyanyua nikatoka nje. Sikujua hata mtu humjibu mama mkwe kwa sauti gani.

Tulimzika vizuri. Lakini kwa miezi niliogopa kwamba mama hatakanyaga tena kwangu. Nilifunga vile vyuma viwili kwa kamba ya katani, nikaapa sitamkalisha tena mtu mahali pa heshima kwa sababu ya kuonyesha mali yangu.

Desemba tulienda kumchukua aje amwone mjukuu mpya. Alitoka na kikapu, akalizunguka gari lote polepole kama mzee alivyokuwa akilizunguka, akagonga kiti cha mbele kwa kidole, akafungua mlango wa nyuma mwenyewe, akaketi.

"Kemunto," alisema, "mwambie twende."