Stempu Nzima ya Kwinini

Tulisikia vidonge kwanza. Vilicheza ndani ya kikopo, cha-cha-cha, vikipanda ngazi za jengo letu kule Ixelles. Tukajua Papa, baba yetu, amerudi kutoka soko la vitu vya zamani, hata kabla kofia yake haijatokea mlangoni.

Wenzangu tuliokulia Brussels wakati simu ya nyumbani bado ilikuwa na waya, mnazikumbuka Jumapili zile. Ibada ndefu, viatu vinavyobana, halafu fufu na sombe ya majani ya muhogo, na madirisha yamejaa mvuke. Kwetu, baada ya chakula kulikuwa na kazi nyingine. Papa alikusanya stempu za kodi ya dawa. Zamani serikali zilitoza kodi dawa za madukani, na stempu ilibandikwa juu ya mfuniko ili mtu asiweze kufungua bila kuipasua. Tulizibandua kwa mvuke wa sufuria, tukazianika juu ya gazeti, tukagombania kioo cha kukuzia. Papa alitufundisha kuhesabu meno ya pembeni, kuinua karatasi dirishani na kutafuta alama iliyofichwa ndani yake, kusoma jina la mtengenezaji lililogongwa juu ya rangi. Aliyepata stempu nzima alinunuliwa chipsi kwenye barabara ya Chaussée d'Ixelles, za moto, karatasi imelowa mafuta. Zilizopasuka hazikuwa na thamani, valeur kama Papa alivyoiita. Tulizichezea posta.

Watoto wa dada yangu wana picha elfu kwenye simu na hawajui ipi ni ya jana. Niliwaonyesha stempu moja, wakauliza inabonyezwa wapi.

Wana bahati. Hawakuwahi kujifunza, kama tulivyojifunza sisi, kufurahia dawa ambayo haikumfikia mgonjwa.

Mama alimwita Papa kwa jina la mtoto wao wa kwanza: Papa Riziki. Sisi Riziki hatukumkuta. Alikufa Bukavu kwa malaria, wakati wa vita. Papa alizunguka mji mzima akitafuta kwinini, akarudi mikono mitupu. Picha ya mtoto ilikaa juu ya televisheni, na hakuna aliyeizungumzia.

Kikopo kilichopanda ngazi Jumapili ile kilikuwa cha kwinini. Kimejaa, na stempu yake nzima, hata kona moja haikukunjika. Papa alikiweka mezani kama mtu anayeweka keki, akasema tangu aanze kukusanya hajaona kama hiyo. Mama alifuta mikono, akakichukua, akakitikisa karibu na sikio.

"Papa Riziki, hii iko muzima sababu muntu hakukunywa."

Papa akasema, bon, ni dawa ya zamani sana, wenyewe wameshakufa wote.

"Ndiyo. Fungula."

Papa alicheka kidogo. Sisi pia tulidhani ni utani. Lakini Mama hakuketi. Alisema hataki kitu kingine chochote kutoka kwake tena, afungue tu kile kikopo mbele ya picha ya mtoto, mara moja, sisi wote tukiona. Papa aliweka ukucha wake chini ya karatasi. Ukakaa pale. Kisha akautoa.

"Nikiipasula, haina tena valeur," alikiambia kikopo.

Mama anaishi Jette, upande mwingine wa Brussels, tangu siku ile, na utoto wetu uliobaki uliishia kwenye tramu, kati ya nyumba mbili. Siku hizi maboksi ya dawa yana mraba wa vidoti vyeusi, ambao hakuna mtoto atakayeubandua kwa mvuke wa sufuria. Kikopo kiko juu ya televisheni ya Papa, mahali palipokuwa na picha, na stempu bado nzima. Watu humwandikia wakitaka kukinunua, naye hukataa. Tukimtembelea hukitikisa ili tukumbuke raha zetu, nami hukumbuka Mama akivaa koti lake la kanisani, akiichukua picha ya Riziki na kuikumbatia kifuani, akitoka bila kumtazama mtu, na mlango ukijifunga nyuma yake.