Mlango Alioufunga Kahaso

Wifi yangu Kahaso hakuwa mjinga. Naanza na hilo kwa sababu hapa Minjila watu wana midomo, na wengi wanaomsema hawajawahi kulea hata kifaranga.

Mtoto wake wa kwanza, Dzombo, alifariki akiwa na miezi saba. Kahaso alikuwa amemlaza kwenye mkeka kando ya shamba huku akipalilia mpunga. Ndege mkubwa akapita, kivuli chake kikamgusa mtoto, na jioni ile ile mwili ukachemka akashikwa na degedege. Kwetu Wagiriama huyo ni nyuni, ndege wa pepo anayewapitia watoto wachanga. Hospitalini walisema ni malaria. Kahaso aliwasikia, lakini ndege alikuwa amemwona kwa macho yake, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Alipomzaa Dama, akafunga mlango. Dirisha la nyumba ile ya udongo aliliziba kwa gunia. Shamba aliliacha. Kliniki ya chanjo alimpeleka mtoto akiwa amefungwa leso mbili, hata pua haionekani. Nilimtania, "Wifi, unalea mtoto au unafuga mchwa?" Akacheka, akaendelea kunyonyesha gizani. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamsifu Dama kwa weupe wake. Nikasema mama ni huyu, wengine tunazaa tu.

Miezi kumi ikafika, Dama hajakaa. Akishikwa mbavu analia. Tukasema ni mzito wa mwili, atakaa akitaka. Kisha akaanza kukohoa, na siku ya tatu, mchana, degedege ikamshika mlango ukiwa umefungwa, ndege hakuna.

Tukamkimbiza hospitalini. Daktari aliyempokea, kijana mpole aitwaye Diba, alimpapasa vifundo vya mikono. Vilikuwa vimevimba.

"Mama, mtoto huyu huota jua?"

"Haoti. Namficha asionwe na nyuni."

 Diba akatueleza taratibu kwamba jua likigusa ngozi, mwili hutengeneza vitamini D, na bila hiyo kalsiamu, ile chokaa ya chakula, haiingii mifupani. Maziwa ya mama pekee hayana vitamini hiyo ya kutosha. Mifupa ya Dama ilikuwa laini, ndivyo matege yanavyoanza, na chokaa ikipungua sana kwenye damu mtoto hushikwa na degedege.

Kahaso akauliza, "Kwa hivyo hii imeletwa na giza?"

"Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Lakini hukujua, mama."

Walimpa dawa na degedege ikakoma. Ila kifua kilikuwa kimeshashikwa, na zile mbavu laini hazikuwa na nguvu ya kuvuta pumzi. Dama akafa siku ya pili, saa sita mchana. Sijawahi kuumia hivyo, hata nilipomzika mama yangu.

Matangani wanawake walimzunguka Kahaso wakimwambia kile tunachoambiana siku zote, kwamba ni kazi ya Mungu. Aliwaacha mpaka nami nikasema hivyo hivyo. Hapo akaninyanyulia uso.

"Wifi, msimsingizie Mungu. Yeye jua alilileta kila siku mpaka mlangoni. Mimi ndiye ambaye sikulifungulia."

Nilitaka kumwambia kwamba mlango ule nami niliusifu.  Badala yake nikamshika mkono, naye akauondoa.