Amina Niliyoisema

Baada ya kumzika mume wangu Bungoma, nilirudi Kitale nikiwa siwezi kuomba. Maneno yalikuwa yameniisha. Jirani yangu, fundi cherehani Mwislamu, akanionyesha jinsi yeye hukaa kimya na tasbihi, akirudia jina la Mungu polepole pamoja na pumzi. Nikaanza kuketi hivyo kila asubuhi, nikivuta pumzi na kusema "Yesu" moyoni. Ndiyo sala pekee iliyonibakia.

Nilimwambia mtu mmoja tu, rafiki yangu wa kikundi cha maombi, aliyelala nami sakafuni siku zote za matanga.

Jumatano iliyofuata kina mama wa kikundi walikuja kwangu wakiimba. Nilidhani wamekuja kunifariji, nikabandika chai. Mwenyekiti wao akasema, "Mama, tumesikia ati unakaa kimya kama watu wa dini zingine. Hapo ndipo pepo huingia." Wakanizunguka, wakanikemea pepo kwa sauti. Mkono ulionikandamiza kichwa zaidi ulikuwa wa rafiki yangu.

Walipomaliza nilimfuata jikoni. "Ni wewe uliwaambia?"

"Si nilikuwa nakusaidia, dada? Ungepotea hivi hivi tukikuangalia."

Alikuwa anamimina chai yangu kama mwenye nyumba. Lakini kusema kweli, mimi pia wakati wa maombi yao nilikuwa nimeitikia amina kwa sauti kuliko wote, ili tu waende. Tangu siku hiyo nikifumba macho asubuhi, pumzi huja, jina haliji.