Muuza Marashi ya Msonobari

Mimi niliacha shule darasa la pili, lakini pua yangu ilimaliza! Tangu Uhuru kila mtu anataka kunukia kama Disii, yule mkubwa wa wilaya, na huyu muuza marashi wa soko ya Homa Bay anajua. Anapaka mama mteja tone moja kwa mkono, anapuliza polepole kama uji ya mtoto, anaimba, "Msonobari ya kweli!" Dada yangu Kemuma alijipaka, na harusi yake ni kesho. Shingo ikatoka malengelenge. Nikanusa chupa: tapentaini, ile ya kutoa rangi ya ukuta! Nikamrudia muuzaji na hasira.

"Ngozi yake ndiyo mbaya, bwana."

"Basi jipake wewe, mrembo!"

Wanawake wakacheka. Akaangalia chupa, halafu akafunga vifungo vya shati mpaka kidevuni.