Tufe na Waliokufa Ghafla

Kitu cha kwanza Mmarekani anachokuuliza akisikia wewe ni Mkenya ni kama unakimbia. Mimi nina kilo mia moja na mbili. Nakimbia tu mlango wa treni unapoanza kujifunga, na hata hapo huwa nafikiria kwanza. Nilipojiunga na shule ya upili hapa Silver Spring, kocha wa riadha aliona kwenye orodha nilikotoka akatabasamu kama mtu aliyeokota simu. Kisha akaniona mwenyewe. Akanionyesha kona ya nyuma ya uwanja, ambako watu wa tufe hufanyia mambo yao mbali na macho ya umma.

Nikalipenda tufe. Ni donge la chuma lenye uzito wa mtoto mchanga aliyelishwa vizuri. Unaliweka shingoni, unageuka, unalisukuma, unapiga kelele. Hakuna anayekuuliza maoni yako. Miaka mitatu nilikuwa wa mwisho, na sioni haya kusema hivyo, maana mtu wa mwisho ana starehe zake: hakuna anayekungojea. Lakini mwaka huu, mwaka wangu wa mwisho shuleni, baada ya kushinda majira yote ya baridi nikinyanyua vyuma, nikajikuta wa tatu. Na shule hupeleka watu watatu kwenye mashindano ya kanda mwezi wa Mei. Nilihesabu mara nyingi. Moja, mbili, mimi.

Sasa, sheria. Hapa huwezi kugusa chombo chochote cha michezo kabla ya kutia sahihi karatasi ambazo zingetosha kununulia shamba. Ukikosa kipindi kimoja cha masomo, hufanyi mazoezi siku hiyo. Alama zikishuka, unakaa nje. Hereni hapana, matusi hapana. Mzazi naye anaahidi hatamtukana refa. Mama yangu, ambaye kwa sababu ya shifti zake za kuwatunza wazee hajawahi kuniona nikirusha hata mara moja, ametia sahihi mara nne kwamba hatamtukana refa. Ametimiza ahadi kuliko mzazi yeyote wa jimbo hili.

Na kuna fomu ya afya. Sehemu ya kwanza mzazi anajibu maswali kuhusu mtoto na ukoo wake, sehemu ya pili daktari anakupima na kutia sahihi. Miaka mitatu nilijaza sehemu ya mzazi mwenyewe. Unaweka alama kwenye Hapana kutoka juu mpaka chini, kazi ya sekunde tisa. Mama alikuwa akitia sahihi mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, bila kusoma.

Mwaka huu, fomu ya zamani ilipoisha muda, nilimkuta nyumbani. Ilikuwa Jumapili alasiri, mwezi wa pili, tumetoka kanisani, anasonga ugali. Alikuwa amenuna tangu asubuhi, nami nina ugonjwa wa kutaka kumchekesha mtu aliyenuna. Kwa kawaida yeye huongea Kiswahili nami namjibu Kiingereza. Siku hiyo nikaamua kumsomea fomu kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya yule mtu wa redio anayesoma matangazo ya vifo, ile sauti ya puani inayokuita mazishini.

"Tangazo," nikasema. "Je, kuna jamaa yeyote wa familia hii aliyeaga dunia ghafla, bila sababu kujulikana, kabla ya kutimiza miaka thelathini na mitano, ikiwa ni pamoja na kufa maji ama ajali ya gari isiyoeleweka? Jamaa na marafiki popote walipo wajulishwe."

Mama aliweka mwiko chini.

"Upande wangu ama upande wa baba yako?"

"Mum, nakuchezea tu. Tunaweka hapana."

"Nimeuliza upande gani."

"Pande zote, nadhani."

"Basi kaa uandike."

Nilidhani na yeye ananichezea. Akapunguza moto, akajifuta mikono kwa leso, akaketi mbele yangu kama mtu aliyekuja kutoa ushahidi.

"Mjomba wako aliyenifuata kuzaliwa. Gari lilitoka barabarani mchana kweupe. Mvua hakuna, lori hakuna, ng'ombe hakuna. Hiyo inaeleweka?"

"Labda alisinzia."

"Saa nne asubuhi? Andika. Binamu yangu alikufa maji kwenye bwawa, na alikuwa akiogelea kama bata. Andika. Shangazi yako mdogo aliamka mzima, akawasha moto, akaanguka hapo hapo jikoni."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Alikuwa bado hajaolewa."

"Mum, hiyo si umri."

"Kwetu ni umri. Na baba yako."

Hapo nikacheka kidogo, kwa sababu hilo nilijua jibu lake. "Baba alikuwa na malaria."

"Nani alikuambia?"

"Wewe."

"Ulikuwa na miaka mitano. Ulitaka nikuambie nini?"

Akaniambia. Baba alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alikuwa amesimama kwenye duka la vifaa vya ujenzi alikofanya kazi, anamhesabia fundi misumari, akaanguka juu ya kaunta. Walimpeleka hospitali kwa pikapu ya mteja, akafika akiwa amekwisha. Hakuna aliyempasua kutazama ndani, maana baba yake alikataa mtoto wake achezewe. Wakazika Jumamosi.

"Na alisomwa redioni," mama akasema. "Alifariki ghafla. Kwa sauti hiyo hiyo yako."

Ugali ulishika sufuria. Tulisikia harufu wote wawili na hakuna aliyeinuka.

Nikamwomba tena tuweke hapana. Nilimweleza kwamba hili ni swali la kupitia tu, kama unapoulizwa uwanja wa ndege kama una bomu. Lakini mama ni mtu wa kazi yake. Huko anakoosha wazee na kuwageuza vitandani wamemfundisha kwamba kitu kisichoandikwa hakikufanyika, na anaamini hivyo kuliko anavyoamini baadhi ya vitabu vya Agano la Kale. Aliniondolea kalamu, akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa. Fomu ilikuwa na mistari miwili ya maelezo. Iliisha kwa mjomba. Akachukua karatasi nyingine, akaibana nyuma kwa pini. Nikaenda kliniki na marehemu wanne.

Daktari wa kliniki alinisikiliza kifuani, mgongoni, nikiwa nimeketi, nikiwa nimelala. Akasema moyo unasikika vizuri. Kisha akafungua karatasi ya pili, akaisoma, akafunga kalamu yake. Hawezi kutia sahihi mpaka niende kwa daktari wa moyo. Nafasi ya mapema zaidi kwa daktari wa moyo, huko Fairfax, ilikuwa baada ya wiki nane. Mama aliandika jina langu kwenye orodha ya kungojea mtu aghairi. Inaonekana watu wenye moyo mbovu hawaghairi.

Shuleni, mwanamke anayesimamia afya ya wanamichezo aliniita ofisini kwake. Kwanza akaniambia pole kwa msiba.

"Upi?" nikamuuliza.

Hakucheka. Akanieleza sheria: bila sahihi ya daktari, hakuna mazoezi. Na kabla ya kushindana lazima uwe na siku kadhaa za mazoezi zilizoandikwa kwenye daftari la kocha. Nikahesabu kwa vidole vyangu vinene. Wiki nane, ongeza hizo siku, unafika kwenye mashindano ya kanda ukiwa na nafasi ya kupumua mara moja tu. Lakini ilikuwepo, na mimi nikaishika.

Kwa hiyo nikawa mtu wa kuhudhuria. Kocha alinipa utepe wa kupimia. Alikuwa ameisoma sheria akaelewa kwamba hata kulibeba tufe kulirudisha ni mazoezi, basi wenzangu wakawa wanalifuata wenyewe, na mimi nasimama nimeshika utepe kama fundi cherehani wa majitu.

"Buda, hata kulisukuma kwa mguu?" akaniuliza mwenzangu mmoja, Mkongomani, tunayeongea naye Kiswahili ili kocha asielewe.

"Nikiligusa nakufa."

"Ukikufa, nipatie nafasi yako."

Tulicheka. Yeye alikuwa wa nne.

Wiki ya tatu nilipata akili. Nilichukua fomu mpya, safi, nikapanga kuipeleka kwenye kliniki nyingine ambako hawanijui. Nilihitaji tu mama ajibu upya. Nilimngoja arudi kazini, nikamwekea chai, nikaiweka fomu kando ya kikombe. Akaisoma yote, mpaka chini.

"Sawa," akasema. "Niambie nimtoe nani."

"Si kumtoa, mum."

"Nimtoe nani?"

Nikaanza na mjomba. Nikasema gari ni gari. Akafikiri, akasema haya, gari ni gari. Nikasema yule wa bwawani alikuwa amekunywa, nilimsikia mama siku moja akisema hivyo kwa simu. Akaniangalia vibaya, lakini akasema haya. Shangazi tukakubaliana hatujui umri wake, na fomu inataka umri. Nilikuwa nawaondoa kama mtu anayepanga viti baada ya harusi. Akabaki mmoja.

"Malaria," nikasema kwa sauti ndogo.

"Mimi sijui alikufa na nini," mama akasema. "Miaka kumi na miwili sijui. Usiniandikie."

Badala ya kutia sahihi alichukua simu akampigia baba mkubwa, kaka wa marehemu, huko Kitale. Akaweka sauti nje ili nisikie. Baba mkubwa alifurahi kwanza, akauliza habari za baridi. Mama akamuuliza kama baba aliwahi kulalamika kifua, kama alizimia hata utotoni, kama kuna karatasi yoyote ya hospitali. Kule upande wa pili tukasikia jogoo.

"Shemeji, mambo hayo tulishazika."

"Ni ya mtoto. Shule inauliza."

"Shule ya kurusha chuma ndiyo inauliza marehemu?" Akashusha pumzi. "Waambie alikufa ghafla."

Mama akamshukuru, akatuma salamu kwa watoto, akakata. Fomu safi niliikunja nikaitia mfukoni, ikafuliwa pamoja na suruali.

Siku ya daktari wa moyo ilifika, na mama akaomba ruhusa kazini. Walinipaka mafuta ya baridi kifuani, wakanionyesha moyo wangu kwenye skrini, unafumba na kufumbua kama chura. Nikamuuliza daktari kama ni mvulana ama msichana. Huyu alicheka, nikaona mambo yataenda sawa.

Kisha akavuta kiti. Akasema ukuta wa moyo upande wa kushoto umenenepa kidogo. Si sana. Unaweza kuwa umenenepa kwa sababu nanyanyua vyuma, mioyo ya wanamichezo hufanya hivyo. Au unaweza kuwa ule unene unaorithiwa, unaoua vijana wakiwa wamesimama. Kwa picha, viwili hivyo vinafanana. Akamuuliza mama baba alikuwa na nini hasa. Mama akasema hatujui. Daktari akaandika hivyo.

Akasema njia ya kujua ni kuacha. Miezi mitatu bila vyuma, bila tufe, bila kukimbia. Halafu tunapima tena. Ukuta ukipungua, yalikuwa mazoezi. Usipopungua, ni wa baba.

"Mashindano ni mwezi ujao," nikasema, kana kwamba hiyo ni habari ya kitabibu.

"Pole sana," akasema.

Barua aliyoiandikia shule ilikuwa mistari mitatu. Kocha aliisoma amesimama, akaniwekea mkono begani, akaniuliza kama bado ningependa kushika utepe siku ya mashindano. Nilishika. Mwenzangu Mkongomani ndiye aliyekuwa wa tatu. Tufe lake lilianguka karibu, hatua nzima nyuma ya mahali langu lilipokuwa likiangukia mwezi wa kwanza, nami nikapiga goti nikauvuta utepe na kuisoma namba kwa sauti, kama sheria inavyotaka. Hakuniangalia.

Jumapili iliyofuata mama aliomba kanisa liniombee ukuta upungue. Mzee mmoja alikuja baadaye kuniuliza kama ni ukuta wa nyumba ya huku ama ya kule nyumbani. Nilimwambia ya kule. Akasema ndugu ndio hula hela za ujenzi.

Baada ya ibada tulipitia duka la Waafrika kununua unga. Ndani ya gari nikamwambia mama kitu nilichokuwa nimekizungusha kichwani wiki nzima: kwamba ukuta ukipungua, nitakuwa nimekosa kila kitu bure. Nilikuwa mzima, na shule imekwisha, na hakuna anayerudishiwa mwezi wa Mei.

"Na usipopungua?" akauliza.

"Usipopungua ndio hivyo."

Aliendesha mpaka taa ya pili. "Usipopungua, tutakuwa angalau tumejua," akasema.

Hakusema tumejua nini. Sikumuuliza yeye anaombea kipi. Nilitafuta mzaha, nikapata miwili, yote ya mtoto wa miaka mitano.

Lifti ya jengo letu ilikuwa imeharibika, na sisi tunakaa ghorofa ya nne. Nilitoa unga kwenye buti, ule mfuko mkubwa, nikauweka begani. Mama akaniondolea. Nikamwambia hata daktari hakusema unga. Akasema alisema usinyanyue. Akaukumbatia kifuani, mwanamke wa kilo hamsini na tisa aliyetoka kugeuza wazee wiki nzima, akaanza kupanda ngazi, akipumzika kila ghorofa na kuegemea ukuta. Mimi nilikuwa nyuma yake, mikono mitupu. Kila aliposimama, nami nikasimama.